Siagi Isiyotemwa

Kampala,
14 Januari 1958

Baba Mdogo mheshimiwa Hezekiah arap Too,

Ninakuandikia nikiwa na afya njema, na ningependa kuamini kwamba wewe na Mama Mdogo Chepkosgei mko vivyo hivyo. Lakini, kama utakavyoona hapa chini, imani hiyo imeanza kuniponyoka. Mwambie Mama Mdogo kwamba soksi za sufu alizonifumia zimefika salama, ila joto la huku halijaniruhusu kuzivaa. Dada yangu Cheptoo ameniarifu kwamba ng'ombe wenu mwekundu amezaa mapacha. Pokeeni pongezi zangu.

Tangu mwezi uliopita, mimi niliyekuwa nikichunga ndama wako nimewekwa kuwa msaidizi wa Profesa katika maabara ya hospitali. Silitaji jambo hili kwa kujisifu. Nataja tu kwamba kati ya wahitimu kumi na wawili, nilichaguliwa peke yangu.

Kazi yetu ni kupima katika damu kitu kiitwacho kolesteroli. Ni namna ya mafuta, laini kama nta, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe na kuyahitaji. Lakini yakizidi, hujibandika polepole katika kuta za mishipa, hasa ile myembamba inayoulisha moyo, kama masizi yanavyoziba dohani. Wataalamu wamegundua kwamba mtu anayekula kwa wingi mafuta ya mnyama, yaani siagi, samli na mkia wa kondoo, ambayo huganda yakipoa, kolesteroli yake hupanda; na akiyaacha akala mafuta ya mbegu, ambayo hubaki majimaji, hushuka.

Sasa nafikia jambo lenyewe. Mama Mdogo ameniandikia (tafadhali usimkasirikie) kwamba siku ya Krismasi, ulipokuwa ukipanda kilima cha kanisa, ulisimama mara tatu ukijishika kifua, na ulipoulizwa ukasema unatazama mandhari. Baba Mdogo, kilima hicho umekipanda kila Jumapili kwa miaka ishirini. Marehemu baba yangu, kaka yako, naye alianza kwa kusimama-simama. Kisha akaanguka nyuma ya plau akiwa na miaka arobaini na minane. Wewe una hamsini na mmoja. Je, kifua kinauma? Nijibu hilo moja tu.

Kwa sasa, acha siagi. Debe la mafuta ya pamba linakuja kwa treni. Na umwombe Masinde, dresa wa zahanati ya kiwanda chenu, akutoe damu katika chupa niliyoifunga pamoja na barua hii, aiweke kwenye barafu, akaikabidhi kwa gadi wa treni ya Kampala.

Mtoto wako mtiifu,
Zedekia K. arap Too, Mhitimu wa Utabibu

*

Laini za Kiwanda cha Siagi, Nakuru,
2 Februari 1958

Mwanangu Zeddy,

Nakusalimu, chamgei. Sisi tupo. Mmoja wa wale ndama mapacha ni jike, tumemwita Mhitimu, kwa sababu hutembea pua juu. Mvua bado, vumbi la ziwani linaingia mpaka ndani ya chai.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa kamusi ya mchungaji. Nimeelewa kwamba mimi ni dohani.

Unaniambia niache siagi. Mwanangu, kazi yangu unaijua au umeisahau huko? Kila asubuhi masanduku arobaini hupangwa mezani. Bwana Kiko, mkaguzi wetu, huchomeka chuma chake kirefu ndani ya sanduku, akikichomoa kimebeba siagi toka juu mpaka chini. Kwenye cheti, muonjaji ni yeye. Lakini kile kiko hakijatoka mdomoni mwake tangu vita vya Hitler, na ulimi wake hautofautishi siagi na sabuni. Kwa hiyo mimi ndiye ninayeonja, naye hunitazama. Nikifumba jicho moja, ni daraja la kwanza. Nikifumba yote mawili, la pili. Nikikohoa, linarudi likauzwe la kupikia. Siagi yote ya bonde hili, toka Molo mpaka Subukia, imepita juu ya ulimi huu, na karo yako ya shule ilitoka huko huko.

Hata hivyo mimi si mbishi. Masinde amenidunga, ametoa chupa nzima, nami niliikagua kwa makini nisione siagi yoyote ikielea. Imepanda treni leo.

Kuhusu lile swali lako lingine, mandhari ya kilimani ni mazuri sana siku hizi. Wamelima upya mashamba yote ya upande wa Njoro.

Chepkosgei anasema uvae soksi.

Baba yako mdogo,
Hezekiah

*

Kampala,
21 Februari 1958

Baba Mdogo mheshimiwa,

Nashukuru kwa barua na kwa chupa. Msalimu Mhitimu wa zizini; nami nitajitahidi kuinamisha pua.

Matokeo ninayo mbele yangu. Nimeyaandika katika daftari la maabara kwa wino mwekundu: Mzee H. wa Nakuru, miaka hamsini na mmoja, ratili mia mbili na kumi, kundi la damu A, kolesteroli mia tatu na kumi. Profesa alipoisoma namba hiyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Katika damu zote tulizopima hapa kwa watu wa umri wako, hakuna iliyofika nusu ya njia kuelekea huko.

Kwa hiyo naomba uniruhusu nisahau kwa muda kwamba mimi ni mtoto wako. Kwa miezi mitatu, siagi isikanyage mezani pako. Samli vivyo hivyo. Mkia wa kondoo, hata ukialikwa na askofu, uupite kama mtu usiyemfahamu. Upikiwe kwa mafuta ya pamba. Mwishoni mwa Mei utatoa damu tena, ili tuone tofauti.

Nisikufiche: nimeanza kuandika makala juu yako. Mwezi Juni madaktari wa Kampala watakutana, nami nimepewa robo saa ya kuzungumza. Inasemekana atakayezungumza vizuri huenda akapelekwa Uingereza.

Sikukuuliza juu ya mashamba ya Njoro. Nilikuuliza juu ya kifua.

Mtiifu wako,
Zedekia

*

Nakuru,
30 Machi 1958

Mwanangu Zeddy,

Mvua imefika, na Mhitimu ameumwa na kupe lakini amepona. Shemeji yangu Kipsang ameteremka kutoka Mau na ng'ombe wake, yuko kwetu, anakunywa maziwa ya kibuyu kama mchanga unavyokunywa maji.

Nimetii. Siagi imetoka mezani siku ile ile barua ilipofika, na Chepkosgei ni shahidi. Mafuta yako ya pamba ni mazuri mno. Chepkosgei aliyapikia mboga mara moja, tukala, tukatazamana, tukala tena kwa imani. Tangu hapo yamesaidia mnyororo wa baiskeli yangu, na taa ya kanisa inawaka bila moshi. Bawaba za stoo nazo zimepata kidogo. Ule mlango uliokuwa ukilia kama mbuzi sasa uko kimya, hata mtu akiingia stooni mwenye nyumba hasikii.

Mwishoni mwa Mei nitatuma chupa ya pili. Lakini nieleze, huko mkutanoni ni lazima utaje jina langu? Na karatasi hizo hubaki huko, au huwa wanazituma kwa wenye viwanda?

Kifua changu kiko mahali pake pa siku zote.

Hezekiah

Mimi Chepkosgei nimeshika kalamu akiwa amekwenda kukamua. Siagi kweli imetoka mezani. Lakini mkanda wake haujapungua hata tundu moja, na Jumapili alisimama mara nne.

*

Kampala,
3 Juni 1958

Baba Mdogo mheshimiwa, mfano wa kuigwa na wazee wote wa Bonde la Ufa,

Hujambo, hamjambo, Mhitimu hajambo? Mimi sijambo kwa kiasi ambacho sijawahi kutokuwa na jambo tangu nizaliwe!

Chupa ya pili ilifika juzi. Niliipima. Sikuamini, nikaipima tena. Mia moja na arobaini na sita! Umeshuka zaidi ya nusu kwa miezi mitatu, jambo ambalo katika maandishi yote niliyoyasoma halijapata kuripotiwa. Nikiri kwamba maneno ya Mama Mdogo juu ya mkanda wako yalinipa wasiwasi. Sasa naona kwamba mkanda ni kipimo cha watu wasio na maabara.

Makala yangu imefikia kurasa kumi na moja. Inaanza hivi: "Katika mji wa Nakuru, mzee mmoja mwenye busara aliamua kuishinda siagi." Jina lako halitatajwa, wala karatasi haziendi kwa mwenye kiwanda yeyote. Nitaisoma tarehe 21 mwezi huu. Nimenunua tai.

Sioni tena haja ya kuuliza juu ya kifua. Namba zimejibu.

Mwanao mwenye fahari,
Zedekia

*

Nakuru,
9 Juni 1958

Zeddy,

Salamu nyingine baadaye. Usiisome hiyo makala.

Sina nafasi ya kueleza. Sema koo linauma, sema chochote. Mtu hamsifu fahali ambaye hajamwona akipita joshoni. Tai utaivaa kwa shughuli nyingine.

Hezekiah

*

Kampala,
26 Juni 1958

Baba Mdogo,

Natumaini nyote ni wazima. Naandika neno hilo nikijua sasa maana yake ni nini.

Barua yako ya tarehe 9 imenifikia tarehe 24, mkononi mwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyesema alipewa na "Kipsang, yule asiyeamini sanduku la posta." Mkutano ulikuwa tarehe 21.

Nilisoma kurasa zote kumi na moja. Walipiga makofi. Kisha Profesa akasimama, daftari langu la wino mwekundu mkononi.

"Kijana," akasema, "hongera. Mzee wako amebadili chakula, kolesteroli imeshuka nusu. Safi sana. Sasa tueleze, ni chakula gani kilichobadili kundi lake la damu kutoka A kuwa O?"

Baba Mdogo, mtu huzaliwa na kundi lake na kuzikwa nalo. Niliandika herufi hizo mbili kwa mkono wangu mwenyewe, moja Februari na nyingine Juni, na furaha ikanizuia kuzitazama kwa pamoja.

"Labda ni mafuta ya pamba," akasema mmoja kutoka nyuma.

"Basi tuyapeleke kwenye benki ya damu!" akajibu mwingine. Ukumbi ulicheka mpaka mhudumu akachungulia kuona kuna nini. Sasa hivi wananiita Mganga wa Pamba.

Nilirudi chumbani nikiwa na hasira ya kukuandikia barua ambayo haingefaa kusomwa na mchungaji. Nilikwisha kuandika nusu ukurasa. Ndipo nikatambua jambo, nikaichana. Kama damu ile nzuri ni ya mtu mwingine, basi yako haijapimwa tangu Februari. Nimekaa wiki tatu nikisherehekea kifua cha mtu nisiyemjua, huku cha kwako kikipanda kilima.

Tai nimeitundika. Uingereza haitakimbia. Damu ile ni ya nani? Na je, kifua kinauma?

Zedekia

*

Nakuru,
6 Julai 1958

Mwanangu,

Mahindi yamefika kiunoni. Baada ya hapo sina habari nyingine za kujificha nyuma yake.

Damu ni ya Kipsang. Nilimvisha koti langu na kofia yangu, nikampeleka zahanati. Masinde alimtazama, akanitazama. Kipsang ni mwembamba hivi kwamba akisimama kando ya nguzo ya simu huwezi kusema ipi ina waya. Masinde akasema, "Mzee Hezekiah, leo umepungua." Nikampa ratili mbili za daraja la kwanza, akasema, "Lakini sura ni ile ile," akachomeka sindano. Usimkasirikie. Siagi ile ilikuwa nzuri sana.

Sasa sikiliza sababu. Mezani sikudanganya, siagi iliondoka. Stooni, ilikohamia, niliingia mara mbili tu, labda tano. Tatizo ni kazini. Bwana Kiko ana ndoo ya kutemea, waonjaji wote wana ndoo. Mimi katika miaka kumi na tisa sijatema hata mara moja. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua mzee hatemi ovyo. Mate ya mzee ni baraka. Tunamtemea mtoto mchanga, tunamtemea bibi arusi, tunatemea ng'ombe wanaohama. Nitaibarikije ndoo ya kampuni kila asubuhi mara arobaini, na bila kuombwa? Basi nikawa nameza.

Na nikisema daktari amekataza, Bwana Kiko atatafuta ulimi mwingine. Wapo vijana wanaoungoja. Mimi sina cheti, Zeddy. Cheti kina jina lake. Nina ulimi tu. Nilijua chupa ya pili ingekuwa kama ya kwanza, na ungeandika tena kwa wino mwekundu, na safari hii ungemwandikia meneja. Nikasema, bora nimpe mtoto damu ya kumfurahisha. Sikujua damu ina herufi.

Kinauma. Hapa katikati, kama mtu amekalia kiti cha miguu mitatu juu yangu. Nikipanda kinauma, nikisimama kinaacha. Kilianza mwaka jana wakati wa mavuno. Sikukujibu kwa sababu kaka yangu alinijibu mimi. Siku tatu kabla ya kuanguka nilimuuliza, akaniambia, "Kinauma kidogo." Niliona nisipoyatamka hayo maneno labda hayatanijua.

Hezekiah

*

Kampala,
13 Julai 1958

Baba mpendwa,

Nimeliacha "mdogo" kwa makusudi.

Asante kwa kunijibu. Nimemsomea Profesa dalili zako, bila ya stoo. Anasema jambo hili lina dawa za kutuliza. Ndani ya bahasha hii utakuta kichupa chenye tembe ndogo nyeupe. Kifua kikikubana, kaa chini, weka moja chini ya ulimi, iache iyeyuke yenyewe. Usiimeze! Naona siku zijazo wewe na mimi tutagombana sana juu ya kumeza.

Kisha nilichukua kalamu. Kama kila sanduku hukupa kipande cha ncha ya kidole, masanduku arobaini ni karibu nusu ratili ya siagi kwa siku, kabla hujafika stooni. Baba, huo si mlo wa mtu. Hicho ni kiwanda ndani ya kiwanda. Lakini huhitaji kuacha kazi. Unahitaji kutema.

Nimeifikiria hoja yako kwa siku mbili, kwa uzito ule ule niliowahi kuupa mtihani wa mwisho. Mate ya mzee ni baraka. Hilo silipingi, kwani siku nilipoondoka kuja chuoni ulinitemea kifuani pale stesheni ya Nakuru, mbele ya karani aliyeuliza kama tunagombana. Lakini nakumbuka vilevile kwamba kabla ya kutema, ulitaja jina langu. Je, baraka haiendi kwa aliyetajwa? Ndoo haina jina. Taja mtu, kisha uteme. Ndoo itabaki na siagi, baraka itamfuata mwenyewe.

Mwambie Mjomba Kipsang kwamba amekuwa mtu mashuhuri. Profesa hanijali mimi wala wewe, anamtaka yeye. "Anakula nini?" aliniuliza. Nikamjibu: maziwa ya kibuyu asubuhi na jioni, na mkia wa kondoo kila palipo na sherehe. Profesa akavua miwani tena, akaifuta. Huenda ni kutembea kwake toka Mau mpaka Njoro; huenda ni wembamba, au damu ya ukoo. Hatujui bado. Ni mara yangu ya kwanza kuandika maneno hayo mawili ya mwisho katika barua, na, nakuhakikishia, hayaumi.

Wewe lakini si Kipsang. Damu yako imekwisha kusema.

Zeddy

*

Nakuru,
19 Oktoba 1958

Mwanangu Zeddy,

Chamgei mno. Chepkosgei hajambo, anafuma soksi nyingine kwa sababu hulalamiki tena. Mhitimu ameanza kuota pembe. Kipsang anauliza Profesa atamlipa ng'ombe wangapi kwa chupa moja. Nimemwambia watu wa chuo hulipa kwa makofi.

Chupa ya tatu inakuja na barua hii. Ni yangu. Chepkosgei alisimama juu ya Masinde toka sindano ilipoingia mpaka kizibo kilipokaa. Iulize herufi yake kwanza, halafu namba.

Tembe zako nimezitumia mara sita mwezi wa nane, mara mbili mwezi wa tisa. Mkanda umerudi matundu mawili. Asubuhi naiacha baiskeli, natembea na Kipsang mpaka kwenye njia ya Njoro, kisha narudi kazini. Jumapili iliyopita nilisimama mara moja tu kilimani, na hiyo ilikuwa kumsalimu mchungaji.

Sasa habari ya ndoo. Siku ya kwanza nilitia siagi mdomoni, nikaijua, nikafumba jicho langu moja, nikamtaja baba yako, nikatema. Sanduku la pili nikamtaja Chepkosgei. La tatu Cheptoo, la nne Kipsang. Nikamtaja Masinde, maana ana dhambi. Nikamtaja ng'ombe mwekundu na ndama wake wote wawili. Wachungaji wa kanisa letu, hata yule anayehubiri saa mbili. Mwanangu, sikujua nina watu wachache hivyo. Walikwisha kwenye sanduku la kumi na tisa.

Yaliyobaki, ishirini na moja, yote ni yako. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Kwa hiyo ukiona mambo yanakunyookea huko bila sababu ya kisayansi, usiandike makala.

Juzi Bwana Kiko alitoa kiko mdomoni, mara ya kwanza tangu nimjue, akaniuliza, "Hezekiah, kila siku unanong'ona juu ya hiyo ndoo. Unaongea na nani?"

Nikamwambia, "Na daktari wangu, Bwana."

Baba yako,
Hezekiah